Chupa ya Kahawia ya Baba Daudi

Vijana wangu mnaoanza kazi ya maabara, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeitikia mapema ili tusicheleweshane. Kwetu Mkalama mtu haanzi mazungumzo na watu ambao hajasalimiana nao, na mimi nina mengi ya kusema.

Aliyenichokoza ni Upendo, binti aliyeichukua nafasi yangu ya fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari niliyoitumikia mpaka nikastaafu. Siku moja asubuhi alifika kwangu, hapa pembezoni mwa Nduguti, juu ya bodaboda, amepakata kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejifungua lini?"

Akacheka, akafunua kitenge. Ndani mlikuwa na chupa ya kostiki soda, ya kioo, na kizibo cha kioo kimeng'ang'ania shingoni kama kupe.

"Imegoma kufunguka, mama. Nikasema wewe utaijulia."

Sikumkaribisha ndani. Nilimgombeza palepale uani, na dereva wa bodaboda nikamgombeza pia, maana alikuwa anatabasamu. Kostiki kwenye pikipiki, barabara yenyewe hii ya mashimo! Ingepasuka ingewachuna ngozi wote wawili wangali hai. Nilichota mchanga kwenye ndoo, nikaisimamisha chupa katikati, nikajifunga khanga, nikamwambia tunairudisha shuleni kwa miguu. Si mbali. Kwa mwendo wa magoti yangu ni mbali kidogo.

Njiani akaniuliza swali ambalo limenifanya nikae chini kuandika. "Kwani mama, chupa si chupa tu?"

Nilisimama, nikasingizia magoti. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka Mzee Gunda.

Mzee Gunda ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mkali, na koti lake jeupe lilikuwa na matundu ya asidi ambayo alikataa yashonwe. Alisema kila tundu ni mwalimu. Nilipofika kwake nikiwa msichana, nimetoka chuoni na cheti changu, hakunipa kazi yoyote ya kemikali. Alinipa chupa tupu. Nilizipangusa, nikazipanga, nikazisikiliza. Ndiyo, nilizisikiliza. Unaishika chupa shingoni, unaigonga kwa ukucha. Nzima inalia. Yenye ufa inakohoa. Mpaka leo siwezi kununua glasi dukani bila kuigonga, na wenye maduka wameshanizoea.

Basi nikamweleza Upendo, na ninyi nawaeleza. Chupa si chupa tu. Ya mdomo mwembamba ni ya kimiminika, ya mdomo mpana ni ya unga na chembechembe, kwa sababu kijiko lazima kiingie na kitoke bila kupigana. Ya kahawia ni ya vitu vinavyoogopa mwanga, kama silva naitreti na aidini. Asidi ya naitriki kali ipewe kizibo cha kioo, maana ukiipa cha mpira itakila na kukutemea. Lakini kostiki ni kinyume chake. Kostiki inakila kioo chenyewe, taratibu, pale kizibo kinapokutana na shingo, mpaka vinakuwa kitu kimoja. Kostiki ipewe kizibo cha mpira au kifuniko cha plastiki. Aliyeipa cha kioo alitaka chupa nzuri, na uzuri ndio uliomponza.

Na msijaze. Jua letu la mwezi wa kumi mnalijua. Kitu kilicho ndani kinataka nafasi ya kuhema. Chupa ya amonia iliyojazwa mpaka shingoni, ukiifungua mchana, itakupiga usoni uone nyota. Mzee Gunda alikuwa akipita nyuma yangu nikimimina, anasema neno moja tu: "Iheme." Nami naacha.

Sasa niwasimulie uji.

Nilikuwa bado mgeni kazini, na praktikali ya kidato cha nne ilikuwa inakaribia. Mzee Gunda akaniambia nitengeneze silva naitreti. Ile ni kemikali ya bei, inapimwa kwa roho mkononi. Nikachagua chupa ya kahawia, safi, nzuri, nikaisuuza kwa maji ya kisima cha shule, nikaridhika. Nilipomimina dawa yangu humo, ikageuka nyeupe palepale. Nyeupe pepepe. Nilidhani nimerogwa.

Mzee Gunda akaja, akainua chupa kwenye mwanga.

"Binti, nani anaumwa hapa shuleni?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa huu uji umempikia nani?"

Nikalia. Ndipo akanieleza kwa upole ambao sikuujua anao. Maji yetu ya visima yana chumvi. Mtu wa Singida tangu ananyonya anaoga chumvi, anapikia chumvi, haihisi tena ulimini. Silva naitreti inaihisi. Tone la mwisho lililobaki kwenye chupa baada ya kusuuza linatosha kukuharibia kazi yote. Mafundi wa huko kwenye maji matamu hawalijui kosa hili, ni letu sisi. Kwa hiyo chupa inasuuzwa mwisho kwa maji ya kukeneka, yale mnayoyaita maji ya betri, na kabla ya hapo unayajaribu maji yako kwa tone moja la silva naitreti. Yakibaki maangavu, endelea. Yakifanya ukungu, hayo ni ya kufulia.

Tatizo likawa moja. Mtambo wetu wa kukeneka maji ulikuwa umekufa zamani, na maji ya betri yalitoka Singida mjini kwa bahati.

Hapo ndipo anapoingia Baba Daudi.

Mume wangu alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye misitu ya kule juu, na yeye mwenyewe alinuka moshi na nta mwaka mzima. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka katika ndoa yetu nilipomsimulia habari za uji. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoka nje, akalitazama bati la nyumba yetu, bati letu la kwanza, akauliza, "Mvua nayo ina chumvi?"

Msimu wa mvua ulipoanza, aliacha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati zipite zake. Halafu akakinga. Alikinga kwa sufuria safi, akachuja kwa kitambaa, akajaza madumu, akayafunga kwa baiskeli akaniletea maabara. Nikatia tone. Maangavu! Mzee Gunda alilitazama lile tone, akamtazama mume wangu mwenye viatu vya matairi, akampa mkono kama anavyompa mkaguzi.

Tangu siku hiyo kila masika Baba Daudi alinikingia maji. Madumu ya chupa zangu yalikaa pembeni ya chumba, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa, hata tukikaukiwa na maji ya kunywa. Daudi alipokuwa mdogo alikuwa anawaambia wenzake kwamba mama yake ananywesha chupa. Mimi niliona ni kawaida. Mtu akipendwa kila siku huona ni kawaida.

Katika miaka yote hiyo aliniomba kitu kimoja tu.

Siku alipoleta madumu ya kwanza, aliona rafuni chupa moja ya kahawia, ya kioo kinene, na kizibo chake cha kioo chenye kichwa bapa. Aliishika kwa mikono miwili. "Mama Daudi," akasema, ingawa Daudi alikuwa bado tumboni, "hii ndiyo nyumba ya asali."

Mnajua asali huku inavyouzwa. Ukipita Ihanja barabarani utaiona kwenye chupa za maji ya dukani, imepangwa juani, jua linaipika kutwa mpaka inakuwa nyeusi. Baba Daudi iliyouzwa hakuijali. Aliyoijali ni ile ya urinaji wa kwanza, ambayo mfuga nyuki haiuzi, inakaa nyumbani kwa ajili ya mgeni na mgonjwa. Hiyo alitaka ikae gizani, ndani ya kioo, chini ya kizibo kisichonuka plastiki. Alitaka mgeni akija, aitoe kabatini kama padri anavyotoa kikombe.

Nilimwambia haiwezekani. Ile ilikuwa ya aidini. Na sheria ya Mzee Gunda haikuwa na mlango wa nyuma: chupa iliyolala na kemikali haiendi jikoni, na ya jikoni haiji maabara. Nilimuuliza Mzee Gunda mwenyewe, nikijidai nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Akanishika mkono akanipitisha kidole ndani ya shingo ya chupa, pale palipokwaruzwa ili kizibo kikae.

"Unasikia?"

"Panakwaruza."

"Tumbo la chupa ukiliosha linasahau. Shingo haisahau. Mwambie mumeo asubiri mpya."

Basi nikamwahidi Baba Daudi kwamba siku ikipatikana mpya, ambayo haijawahi kutiwa kitu, na shule isipoihitaji, ni yake. Ahadi rahisi kutamka. Kila kreti la vifaa lilipofika shuleni alijua, sijui nani alikuwa anampa habari. Nikirudi jioni namkuta amekaa kwenye kigoda, ananitazama mikono.

"Vipi, amekuja?"

"Nani?"

"Mgeni wangu wa kahawia."

"Amekuja, ila ameajiriwa."

Kweli ziliajiriwa. Wanafunzi waliongezeka, chupa zilivunjika, na kila mpya iliyokuja ilikuta kazi inaisubiri mlangoni. Mali ya umma si ya mtu kumchukulia mumewe, hata kama mume anakinga mvua. Yeye hakuwahi kununa. Alinitania tu. "Wake wa wenzangu," anasema, "nesi anarudi na dawa, mwalimu anarudi na chaki. Mke wangu anarudi na harufu."

Nilimletea mitungi ya dukani, yenye kifuniko cha bati. Alishukuru, akaitumia kuwekea misumari.

Nimeruka mambo, mnisamehe. Nilitaka kuwaambia pia kuhusu vizibo. Kila kizibo cha kioo cha zamani kimesagwa pamoja na shingo ya chupa yake mpaka vikaoana. Ukikihamishia kwa nyingine, hata kama vipimo ni sawa, kitacheza, kitavuja, au kitakwama. Siku za kuosha vyombo nilikuwa nafunga kila kizibo kwa uzi kwenye shingo ya chupa yake, visije vikapotezana kwenye karai. Unapomimina, kizibo usikilaze mezani, kibane kati ya vidole. Lebo ielekee kiganjani, ili tone likishuka lisile maandishi. Na lebo yenyewe iandike kwa penseli, kisha ipakwe nta ya mshumaa. Mimi nilipaka nta ya nyuki. Lebo zangu zilinukia vizuri kuliko lebo zote za wilaya ya Mkalama, na mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza kama tunafanya kanisa humo ndani.

Mzee Gunda alistaafu, akarudi kwao, akafariki. Nikabaki mimi na rafu zake. Nikastaafu na mimi. Nilidhani sasa tutakaa, mimi na Baba Daudi, tuzeeke tukitaniana barazani. Tukakaa mwaka mmoja hivi. Kisha kifua kikamshika. Kile kifua cha moshi wa mizinga, sisi tulikizoea, tukakitibu kwa asali yake mwenyewe, iliyokuwa kwenye chupa ya plastiki. Hospitali walijitahidi. Alizikwa kabla mvua hazijaanza, na mwaka huo bati letu lilimwaga maji yote chini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukinga. Nilikaa ndani nikisikiliza maji yakipotea.

Ninawaambia haya nisije nikaonekana ninalilia kazi tu. Naililia kazi, ndiyo. Naukumbuka mlio wa chupa zikigongana kidogo kwenye trei asubuhi. Lakini nikiukumbuka mlio huo nyuma yake nasikia kengele ya baiskeli.

Haya, tumefika shuleni na ndoo yetu ya mchanga.

Maabara ni mpya sasa, ina vigae, ina madirisha makubwa, na rafu zimejaa chupa za plastiki nyeupe. Ni nyepesi, hazivunjiki, kwa kostiki ni bora kuliko kioo, sina ugomvi nazo. Nilizigonga kwa ukucha kwa mazoea. Hazisemi kitu.

Tukaishughulikia ile ya kostiki. Mzee Gunda alisema kabla ya kulazimisha kizibo jiulize mambo mawili: ndani kuna nini, na kimefungwa na nani. Upendo alivaa miwani na glavu, tukaiweka ndani ya beseni, nikamwonyesha kuzungushia shingo kitambaa cha maji ya moto. Shingo tu, kizibo usikiguse, ili shingo ipanuke kizibo kibaki vilevile. Unagonga kidogo kwa mpini wa mbao, huku na huku. Unasubiri. Kina mama wa huku wanapaka mafuta ya alizeti kwenye kila kitu kilichokwama, kuanzia pete mpaka mlango, lakini kwa kostiki usijaribu, utatengeneza sabuni. Ilifunguka tulipokuwa tumeanza kukata tamaa. Upendo alipiga kelele za furaha, walimu wakachungulia.

Mkuu wa shule naye akaja. Ni kijana tu, mwanafunzi wangu wa zamani, na bado ananiita mama maabara. Akasema wamepata kibali cha kuondoa vifaa vyote vya zamani stoo, lori linakuja, na kabla halijafika nipite nichague chochote niwe na kumbukumbu.

Sikutaka chochote. Niliingia stoo kwa ajili ya heshima tu. Upendo alikuwa anatoa makreti ya upande wa fizikia, mizani mbovu na betri zilizovimba, upande ambao haukuwa wangu na sikuwahi kuufungua. Chini kabisa ya kreti la mizani, kwenye majani makavu ya kupakilia, palikuwa na kitu kimezungushiwa karatasi.

Nilijua kabla sijakifunua. Uzito wake niliujua.

Chupa ya kahawia. Kioo kinene, kizibo chenye kichwa bapa. Na kati ya kizibo na shingo kulikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, ule wanaouweka kiwandani ili kizibo kisishike njiani. Mtu akiifungua mara ya kwanza huo ukanda hutoka, na hakuna anayeurudisha. Ulikuwepo. Haijawahi kutiwa kitu. Ilikuwa imelala pale, ukuta mmoja kutoka mezani kwangu, miaka yote ile mwenzangu anakaa kwenye kigoda ananitazama mikono.

Nilikaa juu ya kreti. Upendo akadhani ni magoti.

"Mama, nikuletee maji?"

"Niache kidogo, mwanangu."

Nikamwambia mkuu wa shule nimechagua. Akashangaa. "Hiyo tu, mama? Chupa tupu?"

"Hiyo tu, baba."

Safari hii nilikubali bodaboda. Nilimwambia dereva akipita kwenye shimo moja nitamfungia kizibo yeye.

Nyumbani, pembeni ya chumba, dumu moja lilikuwa limebaki. Ni la masika yake ya mwisho. Alilifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, nami sikuwa nimepata sababu ya kulifungua. Niliiosha chupa kwa sabuni, nikaisuuza kwa maji ya kisima, kisha mwisho, kama kazi inavyotaka, kwa maji ya Baba Daudi. Nikaipindua kwenye kitambaa ikauke. Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Daudi ndiye anayerina mizinga ya baba yake siku hizi. Nikamwambia aniletee ya urinaji wa kwanza. Aliposhika ndoo kunimiminia, nilimwelekeza kama ninavyomwelekeza fundi: polepole, mdomo usiguse mdomo. Ikafika begani mwa chupa, akasimama.

"Imetosha, mama. Si ulikuwa unasema iachwe iheme?"

Alisema kweli. Lakini baba yake alikuwa anasema asali ya nusu chupa anapewa mtu unayetaka aondoke. Nikamwambia ongeza. Akaongeza mpaka ikagusa shingo, nikakipachika kizibo, ikachuruzika kidogo, nikaifuta kwa ncha ya khanga.

Sasa baridi la mwezi wa sita limeingia na asali imeganda. Imeganda mpaka shingoni, na kizibo kimeshika. Mnajua tena kwa nini, maana nimewaambia mwenyewe msijaze. Iko kabatini, gizani, kama alivyotaka.

Upendo hunipitia siku za mnada. Juzi aliiona, akaijaribu, akanikodolea macho ya kazi. Ameiva yule binti, aligonga kwanza kwa ukucha.

"Mama, nichemshe maji? Kitambaa ninacho. Dakika chache tu hii."

Nikamwambia airudishe kabatini. Ndani kuna nini, najua. Kimefungwa na nani, najua. Aliyetakiwa kukifungua ndiye ambaye hayupo.